Idara, Vitengo, Kampuni Tanzu au Wakubwa Wawili: Muundo Upi Unakifaa Kiwanda Kinachopanuka?

Muundo wa uongozi wa kiwanda huzeeka kabla ya mitambo yake, na dalili za uzee huo huchelewa kuonekana katika vitabu vya hesabu. Huonekana kwanza mlangoni kwa mkurugenzi. Meneja uzalishaji anasubiri kibali cha kununua beringi ya pampu, meneja mauzo anasubiri ruhusa ya kumkopesha wakala wa Mwanza, na mhasibu ameshika hundi tatu zisizo na saini, huku mauzo yakiendelea kupanda na kila mtu akiamini kwamba mambo yanakwenda vizuri. Hapo ndipo wenye viwanda wengi huanza kuchora chati mpya ya uongozi, na wengi huchora ile waliyoiona kwa mshindani.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya viwanda vya kati vya Afrika Mashariki vinavyotengeneza bidhaa za kila siku, kama vile sabuni, mafuta ya kula, unga, vinywaji, rangi na plastiki. Ni viwanda vilivyoanza na bidhaa moja mahali pamoja, na sasa vinataka laini ya pili ya uzalishaji, mkoa wa pili au nchi ya pili. Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue kiwanda cha mfano kilichopo Dar es Salaam. Kina wafanyakazi 400, kilianza na sabuni ya mche, kikaongeza mafuta ya kula, sasa kinafunga mashine za kutengeneza chupa zake chenyewe, na mwenye mali anaitazama Kampala.

Vigezo vya kupimia

Kila muundo tutaupima kwa mambo matano. La kwanza ni maamuzi, yaani jambo la kawaida la kiwandani linaamuliwa na nani, na linapanda ngazi ngapi kabla ya kupata jibu. La pili ni gharama ya kuuendesha muundo wenyewe, kwa maana ya mameneja, wahasibu, maghala na mifumo ya kompyuta inayolazimika kurudiwa. La tatu ni uwajibikaji: bidhaa fulani au soko fulani likipata hasara, kuna mtu mmoja anayeweza kuulizwa? La nne ni watu, kwa sababu kila muundo unadai idadi fulani ya mameneja waliokomaa, na hao hawapatikani kwa tangazo la gazeti. La tano ni sheria na kodi, jambo ambalo mafunzo mengi ya uongozi hulipita haraka, ingawa katika ukanda wetu limeharibu mipango mingi iliyokuwa mizuri kwenye karatasi.

Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwa kiwanda cha kati, cha kwanza na cha nne ndivyo vinavyoamua mengi. Gharama hupunguzwa polepole na kodi hupangwa na mshauri mzuri, lakini maamuzi yaliyokwama husimamisha laini siku hiyohiyo, na meneja asiyeiweza kazi aliyopewa huiharibu kabla hajajifunza.

Muundo wa idara

Huu ndio muundo ambao karibu kila kiwanda huanza nao, mara nyingi bila mtu yeyote kuuchagua. Kuna idara ya uzalishaji, ya ununuzi, ya mauzo, ya fedha, ya utumishi na ya udhibiti wa ubora, na wakuu wa idara zote wanaripoti kwa mkurugenzi mtendaji.

Maamuzi. Jambo lililomo ndani ya idara moja huamuliwa upesi na mtu anayelijua. Tatizo ni jambo linalogusa idara mbili au zaidi, kwa kuwa halina mwamuzi mwingine isipokuwa mkurugenzi mwenyewe. Katika kiwanda chetu cha mfano, sabuni na mafuta hutumia mvuke wa boila moja. Siku boila inaposhindwa kuzitosheleza laini zote mbili, meneja uzalishaji hajui ni bidhaa ipi ina faida kubwa zaidi wiki hiyo, meneja mauzo anazitaka zote, na jambo linapanda juu. Kinachoongeza mambo ya namna hii ni idadi ya bidhaa, si ukubwa wa mauzo. Kiwanda cha bidhaa moja kinaweza kukuza mauzo mara tano bila kuubana muundo huu, ilhali kiwanda kidogo cha bidhaa nne kikalemewa nao.

Gharama. Hapa muundo wa idara hauna mpinzani. Ofisi moja ya ununuzi huagiza mafuta ghafi ya mawese kwa ajili ya sabuni na mafuta ya kula kwa pamoja, ikapata bei ya shehena kubwa. Maabara ni moja, ghala la vipuri ni moja, na timu ya mafundi mitambo ni moja.

Uwajibikaji. Kila idara ina kipimo chake. Uzalishaji huhesabu tani, mauzo huhesabu shilingi zilizoingia, ununuzi huhesabu punguzo lililopatikana kwa muuzaji. Zote zinaweza kufikia malengo yake mwaka mzima na kampuni ikafunga mwaka kwa hasara, kwa kuwa faida haina mwenyewe chini ya mkurugenzi.

Watu. Muundo huu hulea wataalamu wazuri. Fundi umeme hufundishwa na fundi umeme mwenzake aliyemtangulia, na mhasibu husimamiwa na mhasibu. Kinachokosekana ni malezi ya mameneja wa jumla. Mtu anaweza kuongoza mauzo miaka kumi na mitano bila kuwahi kuulizwa gharama ya kutengeneza katoni moja, na siku kampuni inapomhitaji mtu wa kuongoza kiwanda kipya, haimpati ndani.

Sheria na kodi. Kampuni ni moja, hesabu za mwaka ni moja na ritani ya kodi ni moja.

Unamfaa nani? Unamfaa mwenye bidhaa moja au bidhaa za ukoo mmoja, zinazotoka kwenye mitambo inayofanana na kuuzwa kwa wateja walewale. Wanaodhani muundo huu ni wa viwanda vidogo peke yake waitazame Toyota, ambayo kwa miongo mingi ilipangwa hasa kwa idara za kazi, na ni Aprili 2016 tu ilipojipanga upya katika kampuni za ndani zilizofuata zaidi aina za bidhaa. Ukubwa peke yake haukuilazimisha.

Muundo wa vitengo vya bidhaa

Kampuni inabaki moja, lakini ndani yake kunakuwa na kitengo cha sabuni, kitengo cha mafuta na kitengo cha plastiki. Kila kitengo kina meneja wake mkuu anayesimamia uzalishaji na mauzo ya bidhaa yake na kuandikiwa hesabu yake ya faida na hasara. Makao makuu yanabaki na fedha, sera ya utumishi, sheria na mipango ya mtaji.

Chimbuko la muundo huu lina somo lake. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilijulikana kwa baruti na vilipuzi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha ilikuwa na viwanda na watu kuliko mahitaji ya baruti, ikaingia kwenye rangi za kupaka, rangi za nguo, ngozi bandia na bidhaa nyingine, zote zikiwa chini ya idara zilezile za zamani. Mauzo ya rangi za kupaka yalipanda na hasara ikapanda nayo, ilhali washindani wadogo wa biashara hiyohiyo walikuwa wakipata faida. Mwaka 1921 DuPont ilijigawa kwa bidhaa. Kilichokuwa kimeishinda si kemia wala mitambo. Wauzaji waliozoea kuuza vilipuzi kwa tani kwa wenye migodi walikuwa wamepewa kazi ya kuuza makopo ya rangi kwa wenye maduka, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeitwa mwenye biashara ya rangi.

Maamuzi. Mambo mengi yaliyokuwa yakipanda kwa mkurugenzi sasa huishia kwa meneja wa kitengo, kwa kuwa yeye anaiona bidhaa yake tangu malighafi hadi kwa wakala. Yanayobaki kupanda ni machache lakini mazito, kama vile kitengo kipi kipewe mtaji, na nani apate nafasi kwenye mtambo unaotumiwa kwa pamoja. Boila yetu ya mfano haiishi kuwa tatizo kwa sababu chati imebadilika. Inahitaji ratiba iliyokubaliwa na bei ya ndani ya mvuke.

Gharama. Zinapanda, na zinapanda mapema kuliko faida. Kila meneja wa kitengo atataka mhasibu wake, mnunuzi wake na gari lake, na kwa kila moja atakuwa na sababu ya maana. Usipoweka mpaka mwanzoni, vitengo vitatu vitaiagiza mawese ileile kwa oda tatu ndogo.

Uwajibikaji. Hii ndiyo nguvu kubwa ya muundo huu, ila ina mtego ndani yake, nao ni bei ambayo vitengo huuziana. Chupa ya lita moja ikipangiwa shilingi 180 wakati mtengenezaji wa nje angeiuza kwa 160, kitengo cha plastiki kitaonekana hodari na kitengo cha mafuta kitaonekana kizembe, na vikao vya kila mwezi vitageuka kuwa mabishano ya shilingi 20. Njia inayopunguza ugomvi ni kutumia bei ya soko kila inapopatikana, na kukiruhusu kitengo kinunue nje pale ndugu yake anaposhindwa kuifikia bei hiyo.

Watu. Unahitaji meneja mmoja wa jumla kwa kila kitengo, mtu anayeweza kuzungumza na fundi, mteja na benki kwa siku moja. Ukiwa naye mmoja tu, una kitengo kimoja, hata kama chati inaonyesha vitatu.

Jambo la fedha linastahili kutazamwa peke yake. General Motors ilikuwa mkusanyiko wa watengenezaji wa magari waliojiendesha karibu wapendavyo, na mwaka 1920 soko liliposhuka, vitengo viliendelea kununua vifaa hata pale makao makuu yalipotaka vipunguze, mpaka maghala yakajaa na kampuni ikapungukiwa fedha. Mpango wa Alfred Sloan, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo, uliopitishwa mwishoni mwa mwaka huo, uliwaachia wakuu wa vitengo kama Chevrolet, Buick na Cadillac uendeshaji wa biashara zao, lakini ukaweka sera na udhibiti wa fedha makao makuu, na baada ya muda mfupi akaunti za benki zikawekwa chini ya usimamizi mmoja. Kwa kiwanda cha kati, kanuni hiyo bado ni nzuri: meneja wa kitengo awe na bajeti na uhuru wa kuitumia, lakini asiwe na akaunti yake ya benki.

Sheria na kodi. Maadamu vitengo viko ndani ya kampuni moja, chupa inayotoka plastiki kwenda mafuta haijauzwa kisheria. Ukivigeuza vitengo kuwa kampuni, chupa hiyohiyo inakuwa mauzo kamili yenye ankara, risiti ya mashine ya kodi (EFD) na kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Zaidi ya hayo, hapa Tanzania kila kampuni hutozwa kodi ya mapato kivyake, hivyo hasara ya kampuni changa ya plastiki haiwezi kupunguza faida ya kampuni ya sabuni mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Wapo waliosajili kampuni tatu kwa ajili ya kupata uwajibikaji ambao vitengo vitatu vingewapa bila gharama hiyo.

Unamfaa nani? Unamfaa mwenye bidhaa zinazotofautiana kweli kwa teknolojia au kwa wateja, na ambaye kila bidhaa yake imefikia kiasi cha kuweza kulipia meneja wake yenyewe.

Muundo wa kampuni tanzu kwa kila nchi

Hapa mgawanyo unafuata mahali. Kampuni mama inamiliki hisa za kampuni iliyosajiliwa Uganda, nyingine Kenya, nyingine Rwanda, na kila moja ina mkurugenzi na bodi yake. Mfano unaojulikana ni East African Breweries, ambayo chini yake kuna Kenya Breweries, Uganda Breweries na Serengeti Breweries ya Tanzania, ambayo East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya hisa zake mwaka 2010. Kundi la Bakhresa nalo limeweka usagaji wa nafaka wa Uganda, Rwanda na Malawi katika kampuni za nchi hizo, huku nyumbani Tanzania shughuli za unga, vyakula na vinywaji, televisheni na vyombo vya baharini zikiwa chini ya kampuni mbalimbali. Yaani kundi moja linaweza kugawanyika kwa mahali likiwa nje na kwa bidhaa likiwa nyumbani, na hakuna ubaya wowote.

Maamuzi. Aliyeko Kampala anaijua Kampala. Anajua wauzaji wa jumla wa Kikuubo wanataka mkopo wa siku ngapi, ujazo upi unakwenda vijijini, na lini barabara hupungua magari ya mizigo. Akilazimika kusubiri jibu la Dar es Salaam kwa kila punguzo la bei, mshindani wa palepale atamtangulia. Hatari iko upande wa pili: nchi ikiwa na uhuru wa kila kitu, baada ya miaka michache sabuni yenye jina moja itakuwa na harufu tatu na vifungashio vinne, na ile nguvu ya kununua kwa pamoja itakuwa imepotea.

Gharama. Ndizo kubwa kuliko za muundo wowote hapa. Kila nchi ina mkaguzi wake wa hesabu, wakili wake, leseni zake, mifuko yake ya hifadhi ya jamii na mamlaka yake ya kodi.

Uwajibikaji. Hesabu za kampuni tanzu hukaguliwa peke yake, kwa hiyo faida na hasara ya nchi haifichiki kirahisi. Huweza kupotoshwa, hata hivyo, na ada za usimamizi na bei za kuuziana kati ya kampuni ndugu, jambo linalotuingiza moja kwa moja kwenye sheria.

Sheria na kodi. Mauzo kati ya kampuni zinazomilikiwa na watu walewale hutakiwa kufanywa kwa bei ambayo wageni wawili wangekubaliana, na mamlaka za kodi hudai nyaraka za kuthibitisha hivyo. Kenya ina kanuni maalumu za jambo hili tangu 2006, na Tanzania inatumia kanuni za 2018 zilizochukua nafasi ya zile za 2014. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 kwa kawaida katika Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo kuhamisha faida kati ya nchi hizi tatu hakuna maana kubwa ya kikodi, lakini mkaguzi wa kodi atauliza vilevile.

Wengine hufikiria kufungua tawi badala ya kampuni tanzu. Tawi husajiliwa kwa wepesi zaidi, lakini madeni yake ni madeni ya kampuni mama yenyewe. Mkenya anayefungua tawi Tanzania ajue pia kwamba faida inayorejeshwa nje na tawi hutozwa asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida. Kampuni tanzu huweka ukuta: ikifilisika, wadai wake kwa kawaida hawaifikii kampuni mama, isipokuwa pale kampuni mama ilipoweka dhamana. Na kwa kampuni changa, benki karibu kila mara zitaidai dhamana hiyo, kwa hiyo ukuta una mlango.

Kuna swali linalotangulia hayo yote: je, unahitaji kweli kiwanda nchi ya pili, au ghala na timu ya mauzo vinatosha? Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005, na bidhaa inayokidhi kanuni za uasilia, yaani kanuni za kupima kama imetengenezwa kweli ndani ya jumuiya, ikiwa na cheti chake haipaswi kutozwa ushuru wa forodha mpakani. Alama za ubora za mashirika ya viwango kama TBS, KEBS na UNBS nazo zinatakiwa kutambuliwa na nchi nyingine wanachama. Kwenye karatasi, basi, kiwanda kimoja kinaweza kuilisha jumuiya nzima. Mpakani hali hubadilika: mwaka 2018 pipi na chokoleti za Kenya zilikumbana na madai ya ushuru zikiingia Tanzania, kwa hoja kwamba zilitengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoagizwa kwa nafuu ya ushuru. Anayepanga muundo wa kikanda na aangalie kwanza malighafi yake inaingia kwa nafuu gani, kwa sababu nafuu hiyo inaweza kumgharimu upande wa pili wa mpaka. Kwa bidhaa nzito na ya bei ndogo, kama sabuni ya mche au maji ya chupa, nauli nayo husukuma kuelekea kujenga karibu na mteja.

Watu. Mkurugenzi wa nchi hana budi kuwa mtu unayemwamini kwa fedha na kwa jina la kampuni, ukiwa hupo. Desturi ya kumpeleka ndugu wa familia inaeleweka, na mara nyingine ni sahihi, lakini apelekwe pamoja na mhasibu anayeripoti moja kwa moja kwa kampuni mama.

Unamfaa nani? Unamfaa anayetaka kutengeneza bidhaa katika nchi nyingine, anayeingia ubia na mzawa wa huko, au anayetaka kuukinga mtaji wa nyumbani usimezwe na jaribio la ugenini.

Muundo wa matriki

Katika muundo huu mtu mmoja huripoti kwa wakubwa wawili. Meneja wa sabuni wa Uganda, kwa mfano, anaripoti kwa mkurugenzi wa Uganda na pia kwa mkuu wa sabuni wa kundi zima.

Maamuzi. Nia ni kwamba maarifa ya soko na maarifa ya bidhaa yakutane kwa mtu mmoja. Wakubwa wawili wakielewana, maamuzi huwa bora kuliko katika muundo mwingine wowote. Wasipoelewana, kila jambo linakuwa kikao. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sijaona matriki iliyoandikwa vizuri kiasi cha kuwakanusha.

Gharama. Si kubwa kwenye mishahara kama inavyodhaniwa, ila ni kubwa kwa muda. Inadai pia mfumo wa hesabu unaoweza kuonyesha faida kwa bidhaa na kwa nchi kwa wakati mmoja, na kiwanda kinachofunga hesabu za mwezi kwa kuchelewa wiki sita hakiuwezi.

Uwajibikaji. Huwa wa wawili, na wa wawili hukwepeka. Suluhisho la kawaida ni kutamka wazi kwamba katika jambo fulani mkubwa huyu ndiye mwenye neno la mwisho: bei ni ya nchi, viambato ni vya bidhaa.

Watu. Unadai watu waliozoea kukubali kutokubaliana. Katika kampuni ambayo meneja huogopa kumpinga mzee mbele ya watu, wakubwa wawili maana yake ni kumtii aliye karibu na kumficha aliye mbali.

Sheria na kodi. Matriki haionekani kisheria. Inakaa juu ya kampuni tanzu, na ada ambazo makao makuu hutoza kwa usimamizi wa bidhaa huulizwa na mamlaka za kodi kama mauzo mengine yoyote kati ya ndugu.

Mfano uliovuma duniani ni ABB, kampuni ya mitambo ya umeme iliyozaliwa 1988 kwa kuunganisha Asea ya Uswidi na Brown Boveri ya Uswisi. Chini ya mkuu wake wa kwanza, Percy Barnevik, iligawanywa katika kampuni ndogo zaidi ya elfu moja zilizoripoti kwa nchi na kwa biashara kwa pamoja, ikasifiwa sana kwa hilo. Mwaka 1998 mrithi wake, Göran Lindahl, aliliondoa tabaka la usimamizi wa kikanda na kuipa nguvu mistari ya biashara. Haimaanishi kwamba miaka kumi ya matriki ilikuwa bure. Ilisaidia kuunganisha kampuni za mataifa mengi katika kundi moja, kazi ambayo viwanda vyetu vingi bado havina.

Unamfaa nani? Unalifaa kundi lenye bidhaa kadhaa katika nchi kadhaa, lililokwisha kupitia vitengo na kampuni tanzu na likaona yote mawili yakipungukiwa.

Mambo mawili yanayotangulia uchaguzi wowote

La kwanza ni jedwali la mamlaka, karatasi inayoeleza nani anaidhinisha nini na hadi kiasi gani: msimamizi wa zamu, meneja, mkurugenzi, bodi. Ikiwa kila hundi bado inasainiwa na mwenye mali, kubadilisha chati ni kubadilisha majina ya vyeo. Nimeona foleni za mlangoni zikiisha kwa jedwali hilo peke yake, bila idara hata moja kuguswa, na ndiyo maana ningeanza nalo kabla ya kumlipa mshauri yeyote.

La pili ni ajira. Kupanga upya mara nyingi hufuta nafasi, na sheria haiachi hilo lifanywe kimyakimya. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu, na ashauriane na chama chao au na wafanyakazi wenyewe, kisha alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai taarifa ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Anayemhamisha mtu kutoka kampuni mama kwenda kampuni tanzu ajue kwamba anambadilishia mwajiri, na miaka yake ya utumishi iandikiwe makubaliano kabla ya kuhama.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Ikiwa una bidhaa moja na tatizo lako ni kwamba oda zimezidi uwezo wa mitambo, baki na idara. Ongeza zamu au laini, andika jedwali la mamlaka, na mteue meneja shughuli mmoja anayesimamia uzalishaji, ununuzi na ghala kwa pamoja, ili yale yanayogusa idara hizo tatu yasipande juu.

Ikiwa una bidhaa mbili au tatu na hujui ni ipi inayoilisha nyingine, usianze na vitengo. Anza na hesabu. Mwagize mhasibu atenganishe gharama na mapato kwa kila bidhaa kwa muda wa kutosha kuona misimu yote, huku idara zikibaki zilivyo. Hesabu zikionyesha biashara mbili tofauti zilizobanana, tenganisha ile moja iliyo tofauti zaidi na kumpa meneja wake. Katika kiwanda chetu cha mfano hiyo ni plastiki, kwa kuwa haitumii mawese wala boila, na inaweza kuuza chupa hata kwa wengine. Sabuni na mafuta zinaweza kuendelea kuishi pamoja kwa muda mrefu.

Ikiwa soko jipya liko ndani ya nchi ileile, kwa mfano Mwanza au Mbeya, kampuni mpya haihitajiki. Meneja wa kanda mwenye ghala, bajeti na kiwango chake cha mikopo kwa mawakala anatosha, na ritani inabaki moja.

Ikiwa unavuka mpaka kwa kuuza tu, tumia msambazaji wa huko kwanza, au kampuni ndogo ya mauzo. Ukiamua kujenga kiwanda, au kuingia ubia, sajili kampuni tanzu mapema, kabla ya kununua kiwanja na mitambo, kwa kuwa kuhamisha mali baadaye huamsha kodi na ada za uhamisho.

Ikiwa tayari uko nchi tatu na bidhaa tatu, na wakurugenzi wa nchi wamekwisha kuwa watawala wadogo, usiruke kwenye matriki kamili. Chagua eneo moja tu la kuunganisha, aghalabu ununuzi wa malighafi au ubora, na mpe mkuu wake neno la mwisho katika hilo peke yake. Likifanya kazi, ongeza la pili.

Na ikiwa ukitafuta majina ya kujaza kwenye chati unarudia mtu yuleyule katika visanduku vitatu, ahirisha. Mpe naibu meneja mmoja hesabu za bidhaa ndogo kuliko zote azisimamie mwaka mzima, akosee kwa kiasi ambacho kampuni inaweza kukilipia, kisha uitazame chati tena ukijua nani ataweza kukaa wapi.